Ardhi Yako Mwenyewe

Saa kumi na moja na robo alfajiri, Kettering Road,
mvua si mvua, jasho tu la mawingu ya Northampton,
nikainua mkono, naye akasimama.
Hakukimbia. Ningependa angekimbia:
anayekimbia humpa askari sababu.

Taa mbele, taa nyuma, kizibao cha manjano,
helmeti imebanwa hadi kidevuni,
mfuko wa mkate ukining'inia kwenye usukani wa skuta.
Ionela Purcaru, miaka arobaini na mmoja,
hupakia maboksi kule Brackmills,
zamu huanza saa kumi na mbili kamili,
na basi la kwanza, alisema, hufika pale
saa kumi na mbili na dakika kumi na tisa.
Dakika kumi na tisa.
Nimezibeba mpaka leo.

Nikamsomea, kwa ile sauti yangu ya kazini:
kwamba chombo hiki mbele ya sheria ni gari,
na gari lahitaji bima, ambayo hakuna anayeiuza,
lahitaji namba, ambayo hakuna anayeitoa,
na kwamba unaweza kukiendesha, bibie, utakavyo,
kwenye ardhi yako mwenyewe.

Akatazama juu, ghorofa ya tatu,
dirisha lililo juu ya duka la kinyozi.
"Ardhi yangu," akasema, "imelaliwa na kitanda."

Akatoa risiti, imekunjwa mara nne kama hirizi.
Pauni mia tatu themanini na tisa.
Akaweka ukucha kwenye mstari wa kodi:
"Hapa serikali ilikula.
Siku ile haikuniuliza ninakwenda nayo wapi."

Na ndipo, kana kwamba ametumwa,
akapita kijana juu ya skuta ya kukodi,
rangi ya samaki wa kopo, kichwa wazi, simu mkononi,
mwendo uleule, magurudumu yaleyale.
Ile ya kampuni. Ina namba, ina bima, ina baba.
Ionela hakusema neno.
Aliisindikiza tu kwa macho mpaka kwenye kona.

Husemwa sheria ni msumeno, hukata mbele, hukata nyuma.
Wangu asubuhi ile
ulikuwa na meno upande mmoja.

Lakini ngoja. Shairi hili lisije likalalia upande
kama kiatu kilicholika kisigino.
Shangazi yangu Beryl, miaka thelathini kiwandani
akishona buti za watu wengine,
alitoka duka la dawa Novemba ile, njia ya waenda kwa miguu,
kitu kisicho na sauti kikamfikia mgongoni.
Nyonga ikavunjika mahali pawili.
Aliyempiga hakugeuka. Hakuna namba, hakuna mtu.
Sasa shangazi anaijua barabara kwa kuitazama dirishani,
na kila Jumapili, akimimina chai, huniuliza:
"Wiki hii umekamata ngapi?"

Namjibu. Huwa namjibu.

Gari letu likaja, tukaipakia.
Ionela alitwaa mkate wake kwanza.
Nikamwambia nitampeleka kazini, si mbali.
Akasema asante, hapana, wataniona nikishuka
kwenye gari la polisi, wataanza kuhesabu vitu.
Akashika njia kwa miguu, kizibao kikiwaka,
viatu vya turubai, katika mji uliovisha viatu nusu ya nchi.

Jioni nikaingia ghalani kituoni kuandika.
Skuta sitini na kitu, zimepangwa ukutani,
kila moja na karatasi shingoni.
Yake sikuizima vizuri: kioo kinapepesa,
chaji asilimia sabini na moja.
Saruji laini, lango limefungwa,
hakuna mtoto, hakuna bibi atokaye duka la dawa.
Nikasimama pale na kalamu, nikatambua:
hapa ni ardhi ya binafsi.
Hapa angeruhusiwa.